Kitu Karai Ilipeana

Jumanne, 2 Mei 2006

Cyber tena. Stima imepotea mara mbili kabla saa nne. Customer mmoja akapoteza CV yake yote, akanilaumu mimi. Kwani mimi ndio stima. Nikamtypia upya bure ju alikuwa karibu kulia.

Kukiwa hakuna mtu nasoma. Kemia, form three, ile kitabu nilinunua tao kando ya barabara. Haina cover, na page za mwisho zililiwa na panya. Nimefika oxidation na reduction. Rahisi sana. Oxidation ni kitu kuongezewa oksijeni. Reduction ni kitu kunyang'anywa oksijeni. Makaa ikiungua, oxidation. Msumari ikishika kutu, oxidation. Imeisha. Sijui kwa nini wasee huogopa hii topic.

Sasa habari yenyewe. Mwalimu Kariuki ndiye mwenye ile tuition ya jioni hapa Kabiria, ndani ya hall ya mabati nyuma ya kanisa. Mwalimu wake wa kemia alihepa akapata shule ya mshahara mzuri. Mimi nilipewa chaki hivi: Mwalimu Kariuki alikuja cyber nimtypie mtihani, nikamwonyesha swali ya saba haina jibu. Akaniangalia sana. Akasema nije nishikilie darasa kwa muda.

Leo amesema "kwa muda" inaisha lini. Kuna kijana wa campus anakaa Jamhuri, anaitwa Dennis, naye anataka hiyo darasa. Dennis atafundisha Jumatano tarehe kumi na saba. Mimi Ijumaa, tarehe kumi na tisa. Topic ni moja, hiyo hiyo oxidation na reduction. Mwalimu Kariuki atakaa kwa benchi ya nyuma. Mmoja wetu atabaki.

Naitaka hii kazi kuliko kitu chochote. Kwetu hakuna mtu amewahi kushika chaki, isipokuwa brother yangu Wafula akipima mbao.

Alhamisi, 4 Mei

Aibu.

Nilisema wacha nianze hiyo topic mapema, nijipime. Darasa ilikuwa imejaa. Wengi ni watu wakubwa, wanarudia form four wakitoka kazi. Mbele kabisa hukaa Mama Brian, mwenye saluni. Nyuma hukaa Otis, anauzanga viatu za mitumba na mdomo haimshindi.

Nikawapa oksijeni yangu. Kuongezewa, kunyang'anywa. Wakaandika. Nikaona niongeze madoido: nikachukua mfano wa kitabu, msumari ndani ya copper sulphate. Msumari inashika kopa, ile shaba ya waya, inakuwa nyekundu. Kitabu inasema hiyo ni oxidation na reduction. Nikaandika equation kwa ubao.

Mama Brian akainua mkono polepole, vile hufanya akijua amekushika.

"Mwalimu, msumari ni chuma. Kopa iko ndani ya maji. Sasa hapo nani ameongezewa oksijeni?"

Nikasema oksijeni iko kwa salfeti. Akauliza kama imetoka kwa salfeti ikaingia kwa msumari. Nikageuka nikaangalia ubao. Salfeti upande huu, salfeti upande ule, vile vile ilivyokuwa. Hakuna oksijeni hata moja imesonga.

"Hata oksijeni imehepa kama mwalimu wa kwanza," Otis akasema.

Walicheka. Na mimi nilicheka, ya uongo. Nikafuta ubao haraka, nikawapa zoezi ya kitu ingine.

Sielewi hii topic. Nilikuwa nadhani naelewa. Hiyo ndio inaniuma zaidi.

Ijumaa, 5 Mei

Nimesoma internet siku nzima kati ya customers. Page moja inachukua muda wa kunywa chai. Zote zinasema kitu moja: kupoteza elektroni ni oxidation, kupata elektroni ni reduction. Nimekariri. Naweza kuiandika nikiwa nimefunga macho.

Lakini nikiulizwa? Elektroni zinaenda wapi? Nani alizichukua? Na kupata kitu inawezaje kuitwa reduction, yaani kupunguzwa? Sijui. Sipendi kusema kitu sijaona. Wafula anasema nimekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo, ati nilifungua redio ya Baba nione nani anaongea.

Zimebaki wiki mbili.

Jumapili, 7 Mei

Kutoka kanisa tukashuka shamba. Ni kipande tu kando ya mto, mwenye ploti wetu alimwachia Mama alime nyanya. Mvua haijapumzika wiki nzima. Nyanya zimeshikwa na baridi, ule ugonjwa wa mvua. Majani yameanza kuwa meusi kwa ncha, mistari ya chini karibu yote.

 Mama alishika jani moja akaliangalia mbele, akaligeuza, akaliangalia nyuma.

Mwenye ploti, tunamwita Guka, alikuwa na kahawa Kiambu zamani. Akasema dawa ni bluestone na chokaa. Unayeyusha bluestone kivyake, chokaa kivyake, unachanganya, unanyunyiza mvua ikitulia. Bluestone ya bei nzuri iko Ngara. Mama akaniangalia. Kesho nitapitia.

Jumatatu, 8 Mei

Ngara. Duka moja ya dawa za shamba, giza, inanuka mbolea. Mwenye duka ni mama mnene mwenye aprons mbili, moja juu ya nyingine. Akafungua gunia.

Blue! Blue ya kukufanya utake kuonja. Mawe kama chumvi kubwa. Na kwa gunia imeandikwa copper sulphate.

Copper sulphate. Ile ya kitabu. Ile ya Mama Brian. Nilikuwa karibu nimkumbatie yule mama. Nimekuwa nikiisoma kama kitu iko ng'ambo, kumbe iko Ngara inapimwa kwa kilo.

Nyumbani maji hakuna kwa mfereji, kama kawaida Jumatatu. Ndoo zote zimejaa maji ya akiba, na mitungi pia. Hakuna chombo. Nikachukua karai ya Wafula, ile anabebea zege kwa mjengo. Nikaisugua na steel wool hadi ikang'aa, ju ni dawa ya Mama na sitaki uchafu. Nikamwaga maji moto, nikaweka bluestone. Mawe hayataki kuyeyuka haraka. Nimefunika na gunia hadi asubuhi.

Nimejisikia mkemia kweli kweli.

Jumanne, 9 Mei

Asubuhi nimefunua gunia. Blue hakuna.

Maji imekuwa kama ya kuoshea sukuma, kijani ya kuchoka. Chini ya karai kuna matope nyekundu. Sakafu pia imelowa kidogo. Mama alichungulia juu ya bega langu. Akaenda kuwasha stovu. Heri angenigombeza.

Nikajua nimeuziwa feki. Chumvi imepakwa rangi. Nikamwaga hiyo maji kwa mtungi mbovu kama ushahidi, na matope nikayaacha kwa karai. Kutoka cyber nikaenda Ngara moja kwa moja nikiwa nimewaka. Nikamwambia yule mama mbele ya customers kwamba anaibia wakulima. Nilisema kwa sauti.

Hakubishana. Alichota bluestone kidogo kwa gunia lile lile, akaiweka kwa glasi ya maji, akakoroga. Ikawa blue. Tukangoja. Ikabaki blue.

"Hii ndio nimeuzia kila mtu tangu jana, msichana wangu. Wengine hawajarudi."

 Nikaangalia chini. Nikaangalia pembeni. Ndio nikaona kwa msumari ukutani kijiko kikubwa ya chuma, ile ya kuchotea, mdomo wake umeisha kama umetafunwa na mbwa. Na umekuwa nyekundu. Yeye mwenyewe alikuwa anachota na kopo ya plastiki.

Nikamuuliza hiyo ya chuma imepatwa na nini. Akasema hajui. Ati za chuma hazikai, zinakuwa nyekundu halafu zinaisha, alichoka kununua.

Zinakuwa nyekundu. Halafu zinaisha.

Manze. Nilisimama hapo hadi mtu akanisukuma nimpishe.

Nikaomba msamaha. Nikaomba tena. Nikanunua ingine, naye akaniongezea kidogo, akaniambia niende ninyunyize, mvua haitanisubiri nikiomba msamaha.

Karai ndio msumari. KARAI NDIO MSUMARI! Nimefanya ile experiment ya kitabu, sema mimi nimeifanya na chombo kubwa kuliko zote ploti yetu. Na niliisugua na steel wool kwanza, nikatoa kutu yote, ndio ifanye kazi vizuri. Mjinga mwenye bidii.

Nimetembea kutoka Ngara hadi tao bila kuona nimepita wapi. Kufika nyumbani nikachota yale matope na kijiko, nikayakausha kwa gazeti, nikayasugua na jiwe. Yakang'aa. Rangi ya waya. Ni kopa. Nimeishika kwa mkono.

Jumatano, 10 Mei

Asubuhi mvua ilitulia. Guka alitukopesha pipa ya plastiki na pampu ya mgongo. Tumechanganya na chokaa, tumenyunyiza mimi na Mama. Hajasema kama amenisamehe, lakini alinirekebishia kamba ya pampu kwa bega. Mistari ya chini nafikiri imeenda. Ya juu sijui.

Jioni Wafula akauliza karai yake. Kesho anaihitaji. Nikamletea imeoshwa safi. Akaiinua juu akaangalia mbinguni kupitia chini yake.

"Nekesa, ulikuwa unapika nini kwa karai yangu?"

Kuna shimo. Ndogo, kama ya sindano, na pembeni ya hiyo shimo chuma imekuwa nyembamba kama karatasi. Ilikuwa karai ya kitambo, lakini haikuwa na shimo. Amenigombeza, ameniita Profesa kwa ile njia mbaya. Itabidi aazime kwa mwenzake na msimamizi wao hapendi hivyo. Nimeumia kwa ajili yake, kweli.

Lakini pia nilikuwa na swali na singeweza kumwambia, angenirushia hiyo karai. Chuma ilienda wapi? Matope ni kopa, nimeyapima kwa macho na mkono, hakuna chuma hapo. Karai imepungua. Kitu haiwezi kupungua ikaenda mahali hakuna.

Imebaki maji tu. Ile ya kijani.

Chuma iko ndani ya maji! Na kopa ambayo ilikuwa ndani ya maji, imetoka nje.

Wamebadilishana.

Alhamisi, 11 Mei

Leo maji ilikuja. Foleni ndefu. Sisi huwa tunapitisha mitungi juu ya ukuta, ju geti ya kwa maji ni nyembamba. Mmoja upande huu, mmoja upande ule. Mimi nampitishia jirani mtungi umejaa. Mkono wangu unakuwa mwepesi, wake unakuwa mzito. Dakika hiyo hiyo. Siwezi kuachilia kama hajashika, itamwagika. Hawezi kushika kama sijaachilia.

Nilisimama na mtungi juu ya ukuta nikiwa nimeganda. Jirani akaniuliza kama napeana au nimebadilisha nia.

Ndio hiyo. Elektroni ni mtungi. Chuma inaachilia elektroni mbili. Ikishaachilia, haiwezi tena kukaa kama chuma ngumu, inaingia kwa maji. Kopa iliyokuwa kwa maji inazishika zile mbili. Ikishashika, haiwezi kukaa kwa maji, inaanguka chini kama kopa. Kuachilia ni oxidation. Kushika ni reduction. Si vitu viwili vinavyotokea moja baada ya ingine. Ni kitendo moja kikiangaliwa kutoka pande mbili za ukuta.

Na hiyo ya kupunguzwa nimeiona pia. Elektroni ni negative. Kopa kwa maji ilikuwa plus mbili. Ikishika mbili, inakuwa sufuri. Namba imeshuka. Kinachopungua ni namba.

Na oksijeni? Oksijeni ni mmoja tu wa wale wanaoshika. Mlafi wao, hushika za karibu kila mtu, ndio watu wa zamani wakaona ni yeye tu. Kitabu yangu haikudanganya. Ilianzia mlangoni na mimi nikadhani mlango ndio nyumba.

Sijakula mchana, na nimetypia mtu barua nikaandika "kopa" mahali pa jina la mkewe. Sijali. Darasani nilifundisha topic ingine, mole. Hii naiweka hadi tarehe kumi na tisa.

Jumamosi, 13 Mei

Shaka imekuja. Kwa nini chuma ndio inaachilia? Kwa nini si kopa? Mama Brian ataniuliza hiyo, namjua.

Kwa hivyo nimejaribu. Ile maji ya kijani bado iko kwa mtungi, Mama alikataa niimwage karibu na shamba yake. Nimeweka kidogo kwa glasi. Nimetoa waya ya kopa kwa cable ya pasi iliyokufa, nikaisugua, nikaiingiza. Upande wa pili, glasi ingine, bluestone mpya na msumari.

Msumari ilianza kuwa nyekundu kabla nikae vizuri kwa kiti. Waya, hakuna. Nikangoja. Hakuna. Otis akapita na gunia yake ya viatu, akaniuliza kama nimepewa kazi ya kuchunga maji isitoroke. Nikamwambia ndio. Jioni waya bado ni waya, maji bado ni kijani.

Kopa ikishashika haiachilii kwa chuma. Chuma ndio mkono wake ni mwepesi. Ndio maana kijiko cha Ngara kiliisha.

Kitu ingine: juu ya ile maji ya kijani, karibu na hewa, kumetokea utando wa rangi ya kutu. Oksijeni imefika. Hata ndani ya maji imefuata chuma kuiomba elektroni ingine.

Nimecheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Jumatano, 17 Mei

Dennis amefundisha. Nilikaa ndani, nilitaka kuona.

Ni mzuri. Nisijidanganye. Shati nyeupe, kizungu safi, chaki za rangi tatu za kwake mwenyewe. Ubao ulijaa kutoka kona hadi kona, mistari imenyooka, kila equation ime-balance. Hakukosea hata mara moja. Darasa lilinyamaza likiandika. Mwalimu Kariuki alikuwa anatikisa kichwa, ile ya kukubali.

Baadaye Dennis akanisalimia vizuri, akaniambia anasikia mimi ni mkali. Hata si mtu mbaya. Angekuwa na madharau ingenisaidia.

Nina wivu. Nimeandika. Nina wivu na naogopa. Mimi nina karai imetoboka.

Ijumaa nisiende tu.

Alhamisi, 18 Mei

Mama aliniita shamba mapema. Mistari ya chini ameng'oa, imekufa. Ilibaki mashimo tu na maji ndani. Nikaanza kusema pole, akanishika mkono akanipeleka juu. Mistari ya juu imetoa majani mapya. Safi, hayana doa, isipokuwa vumbi ya blue ya dawa kwa yale ya zamani.

Tukaketi juu ya jiwe. Akaniuliza, hasa hasa ile karai ilifanya nini. Hajawahi kuniuliza kitu ya kitabu. Yeye alitoka shule darasa la nne.

Nikamwambia kwa mitungi. Ukuta, mimi huku, jirani kule. Chuma inaachilia, kopa inashika. Alisikiza hadi mwisho akitoa matope kwa kucha.

"Na ikipeana yote?"

Nikasema ikipeana yote inaisha, ndio shimo ya Wafula. Mama alicheka. Alicheka hadi akajipangusa macho na leso. Sijamsikia akicheka tangu mvua ianze.

Kesho naenda. Na karai naenda nayo.

Ijumaa, 19 Mei

Nimevaa sketi ya kanisa. Nimebeba karai kichwani kutoka ploti hadi hall, watu wananiangalia, mmoja akauliza mjengo iko wapi leo. Mfukoni visoda viwili, vile vya kufunika chupa. Mkononi glasi, msumari, na bluestone kwa karatasi.

Mwalimu Kariuki alikuwa benchi ya nyuma tayari, mwavuli katikati ya magoti.

Sikuandika kitu kwa ubao. Niliinua karai mbele ya balbu, mwanga ukapita kwa shimo. Nikawaambia vile nilifanya, yote, hata kugombana Ngara. Halafu nikauliza: chuma ilienda wapi?

Kelele. Mmoja akasema imekuwa kutu. Mwingine, imegeuka kopa. Otis akasema imeenda kutafuta mwalimu wa kwanza. Niliwaacha wabishane. Wakati huo nikaweka msumari kwa glasi, ikaanza kuwa nyekundu mbele ya macho yao, na ubishi ukawa mkubwa zaidi. 

Nikachora mstari kwa sakafu na chaki. Huku ni chuma ngumu, kule ni maji. Nikampa Otis visoda viwili, hizo ndio elektroni, yeye ni chuma. Mama Brian asimame kwa maji, yeye ni kopa. Nikamwambia Otis apeane.

"Kwa nini mimi ndio wa kupeana?"

"Ju wewe hakuna kitu umewahi kushikilia," Mama Brian akamwambia.

Hall ikapasuka. Otis akapeana. Akishapeana nikamwambia haruhusiwi tena kukaa huku, aende kwa maji. Mama Brian akishashika, atoke kwa maji aje akae. Wakapishana kwa mstari. Walipopishana tu, nikasikia mtu wa mstari wa pili akivuta pumzi na kusema, "Aaah." Polepole hivyo. Sijui nitasahau lini hiyo sauti.

Ndio sasa nikaenda kwa ubao. Nikaandika ya chuma, nikaandika ya kopa. Na nikakosea. Elektroni za chuma nikaziweka upande wa kushoto, kana kwamba inazichukua. Mwalimu Kariuki ako nyuma. Mama Brian akasema, "Mwalimu, Otis alizitoa, hakupewa." Nikafuta na mkono. Nikazirudisha upande wake. Masikio yalikuwa yanawaka.

Mwisho Mwalimu Kariuki akasimama. Nikajua ni hiyo kosa. Lakini hakuniangalia mimi. Kumbe alisikia kuhusu ile siku ya aibu. Akamuuliza Mama Brian swali yake mwenyewe: kwa msumari na copper sulphate, oksijeni iko wapi?

Mama Brian hakuinuka hata.

"Hapo haikualikwa, Mwalimu. Wa kushika alikuwa kopa. Oksijeni ni mshikaji kama wale wengine, sema yeye anajulikana sana."

 Mwalimu Kariuki akauliza msumari ungekuwa wa kopa na maji yawe ya chuma, je? Hall nzima ikajibu kabla Mama Brian afungue mdomo. Hakuna kitu. Nilikuwa bado sijawafundisha hiyo. Waliitoa wenyewe, kutoka kwa Otis na visoda.

Akachukua mwavuli. Akasema asante kwa watu wote pamoja. Akaenda.

Sijui chochote. Nimebeba karai nikarudi.

Jumatatu, 22 Mei

Cyber. Saa tano Mwalimu Kariuki ameingia na karatasi za mtihani wa kati ya muhula, za kutypiwa. Hesabu, Kiswahili, Biolojia, zimeandikwa kwa mkono wake. Nikahesabu. Kemia hakuna. Nikamuuliza kama ameisahau nyumbani.

"Hiyo utatunga wewe," akasema. "Mimi swali zangu hazina majibu."

Akakaa kungoja printa, akasoma gazeti kama hajasema kitu. Nilitypia page mbili za Biolojia na sikuona hata neno moja. Akiondoka nikaenda choo nikaruka. Nimegonga kichwa kwa mabati.

Jumamosi, 27 Mei

Mvua imekatika. Nimetypia, nimefua, nimetunga maswali matatu. La kwanza ni kuhusu kijiko ya kuchotea bluestone.

Wafula amenunua karai mpya na amepiga marufuku niiguse. Jina langu ameliandika juu yake na rangi, na mstari umepita katikati. Bado ananiita Profesa, lakini sasa mbele ya marafiki zake.

Nyanya za juu zimeanza kutoa maua. Si nyingi.

Ile karai ya zamani niliisugua nikatoa kopa yote. Mama ameijaza udongo, akapanda dhania, akaiweka kwa jiwe kando ya mlango. Nimemuuliza kwa nini hajachukua ndoo nzuri. Amesema hii inatoa maji vizuri.